Modeli za data: nibaki Laravel au nihamie Django? Mfumo wa SACCOS

mpwa_wa_pangani
Wakuu, habari za jioni. Nimerithi mfumo wa SACCOS moja ndogo, umejengwa kwa Laravel 8 (kiunzi cha programu cha lugha ya PHP), aliyeuandika alishaondoka. Wanachama 412. Ukurasa wa kuwaorodhesha unachukua sekunde 9 kufunguka. Kuchunguza nikakuta unagonga hifadhidata mara 413: mara moja kuwavuta wanachama, kisha mara moja kwa kila mmoja kutafuta akaunti yake. Kubwa zaidi, deni limehifadhiwa kwenye safu ya double (aina ya namba ya desimali inayokadiria, haihifadhi senti kwa usahihi). Mama mmoja amemaliza mkopo, ana risiti mkononi, mfumo bado unamdai 0.00000001, kwa hiyo anakataliwa mkopo mpya.

Nina njia mbili: kuupandisha hadi Laravel 12, au kuuandika upya kwa Django 5.2 (kiunzi cha lugha ya Python). Kwenye modeli tu (msimbo unaowakilisha majedwali ya hifadhidata), nani mzuri?

binti_migresheni
Django, bila kupepesa macho. Kwenye Laravel faili la modeli halikuambii safu zipo zipi; inabidi uzifukue kwenye migresheni (faili za kubadili muundo wa majedwali) moja moja, na huyo aliyeondoka huenda aliongeza nyingine kwa mkono. Django unafungua models.py, jedwali zima liko mbele yako. Ukibadilisha kitu, makemigrations inakuandikia migresheni yenyewe. Na huanzi na ukurasa mtupu: inspectdb inasoma majedwali uliyonayo na kukutolea rasimu ya modeli.

Toleo la 5.0 lilileta db_default, yaani thamani ya kuanzia inawekwa na hifadhidata yenyewe hata data ikiingizwa nje ya Python. Nalo 5.2 ni la muda mrefu, linahudumiwa hadi Aprili 2028.

fundi_eloquent
Dada, mtu ana tatizo la mstari mmoja unamwambia abomoe nyumba?

Mpwa, andika `Mwanachama::with('akaunti')->get()`, hizo mara 413 zinakuwa 2. Kisha kwenye AppServiceProvider (faili la mipangilio ya programu) weka `Model::preventLazyLoading()` kwa mashine ya maendeleo: ukisahau tena, programu inakupigia kelele hapo hapo. Kuanzia 12.8 kuna hata `automaticallyEagerLoadRelationships()`, inavuta uhusiano kwa pamoja bila wewe kutaja. Django 5.2 haina kengele ya namna hiyo. Ukisahau select_related au prefetch_related (amri zake za kuvuta uhusiano kwa pamoja) inanyamaza kimya.

binti_migresheni
Hapo umenishika, ingawa assertNumQueries (inayohesabu hifadhidata imegongwa mara ngapi) kwenye majaribio inasaidia ukiwa na nidhamu ya kuyaandika.

mzee_wa_seva
Mnagombania kasi, mama wa watu bado anadaiwa. Zungumzeni pesa.

DecimalField ya Django inakurudishia Decimal ya Python, namba ya desimali iliyo sahihi, unajumlisha na kutoa bila wasiwasi. Eloquent (sehemu ya Laravel inayoshughulikia modeli) ukiweka `decimal:2` inakurudishia mfuatano wa herufi, "1500.00". Ukiutia alama ya kutoa, PHP inaugeuza float (namba ya kukadiria, kama double) kimyakimya na umerudi ulikotoka. Tumia bcsub kutoa na bccomp kulinganisha. Nimeona mifumo yenye safu sahihi kabisa kwenye MySQL (hifadhidata) na hesabu mbovu kwenye kontrola (msimbo unaoshughulikia maombi ya watumiaji).

Halafu angalia seva yako: Laravel 12 inataka PHP 8.2 kwenda juu.

fundi_eloquent
Kweli, mzee. Na niongeze mtego ulionila mwenyewe. Tangu Laravel 11, ukitumia `->change()` kubadili safu, lazima utaje upya kila sifa ya safu unayotaka ibaki. Usipotaja, inadondoka. Nilibadilisha double kuwa decimal, nikasahau `default(0)`, yaani thamani ya kuanzia iwe sifuri. Jumatatu asubuhi mhazini anasajili mwanachama mpya, fomu inagoma. Simu nilizopokea siku hiyo naziacha.

kibarua_wa_data
Kabla hujahamia Django kwa ajili ya funguo za safu mbili (najua SACCOS nyingi hutambua mchango kwa namba ya mwanachama na mwezi): 5.2 ndiyo ya kwanza kuziruhusu, kwa CompositePrimaryKey, lakini modeli ya hivyo haisajiliwi kwenye admin (kurasa za usimamizi zinazokuja na Django), na ForeignKey (safu inayounganisha na jedwali jingine) haiwezi kuielekea. Admin ndiyo inayowavuta watu wengi Django, sasa ukiikosa umehamia nini?

mpwa_wa_pangani
Asanteni sana. Nimeweka with(), ukurasa unafunguka chini ya sekunde moja. Nabaki Laravel, nitapanda toleo baada ya toleo. Zile double je? Kuna mikopo 3 yenye masalia kama ya yule mama. Niyafute kwa mkono?

mzee_wa_seva
Usiguse kwa mkono. Ukibadili safu kuwa DECIMAL(15,2), yaani desimali sahihi yenye tarakimu mbili baada ya nukta, MySQL itayazungusha yenyewe yawe 0.00. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, na fanya kazi hiyo mhazini akiwa amekaa pembeni yako na daftari lake.

fundi_eloquent
Na `default(0)`, mpwa!