Tupeane uzoefu: viatu vya ngozi vya kuchezea mpira, mlivitunzaje zamani na mnavitunzaje leo?

Winga Mstaafu, Nsambya

Wandugu, nianze na kisa chenyewe kabla hasira haijanitoka. Kijana wangu yuko S3, kidato cha tatu, anacheza namba saba kama babake. Mwezi uliopita nilizunguka soko la Owino asubuhi nzima nikampatia Copa Mundial ya mtumba, kiatu cha Adidas, ngozi yake laini kama sikio la mbuzi, kwa shilingi 80,000. Jumamosi wakacheza kwenye mvua. Akarudi viatu vimelowa chapachapa, akaviegemeza kwenye sigiri huku mama yake anapika maharage.

Asubuhi nilipovishika, pua zimejikunja kuelekea juu kama mitumbwi miwili. Ngozi imekakamaa kama ya ngoma. Mguu wa kushoto, pale vidole vinapokunjika, una ufa ambao ukucha wangu unaingia.

Namuuliza nani kakufundisha hivi, ananijibu kwa upole kabisa, "Baba, mwenzangu huwa anaweka vyake hapo hapo na havifanyi kitu." Vya mwenzake ni vya plastiki na nyuzi, lakini atajuaje tofauti? Kosa ni langu, nilimpa kiatu sikumpa maelezo. Mimi nililelewa kwenye kambi ya polisi hapa hapa, na Jumapili jioni baba alikuwa anatupanga barazani na kila mmoja kiatu chake, mswaki mkuukuu na kitambaa. Hakuna aliyekula kabla ya kazi hiyo kuisha.

Basi tupeane uzoefu. Mlifanyaje zamani, mnafanyaje sasa? Na swali la pili, la kujitafutia faraja: ufa wa ngozi unapona?

Mzee wa Bombo

Pole sana afande mdogo. Mimi ni mtoto wa kambini pia. Nilikuwa nimevaa kaptura Simba, timu ya jeshi la Uganda, ilipofika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972 ikafungwa na Hafia ya Guinea, na tangu siku hizo sikutaka kitu kingine ila kiatu cha mpira. Picha za Pele na Puma zake za 1970 tulizikata magazetini.

Pea yangu ya kwanza nilirithi kwa kaka. Soli ilikuwa ya ngozi, na njumu ni vipande vya ngozi vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine vikapigiliwa misumari. Sasa njumu ikilika, msumari unabaki. Unatokea nje unamchana mwenzako, au unapanda ndani unakuchana wewe. Refa alikuwa anatupanga mstari, unainua mguu nyuma kama farasi anayepigwa kwato, anapitisha kiganja. Akikuta msumari, nyundo iko pembeni. Ndani tulikata tairi ya ndani ya baiskeli tukaitandika kama soksi ya pili.

Mafuta tuliyapata kwa mchinjaji: shahamu ya kondoo. Unaiyeyusha taratibu, unachuja, unachanganya na nta ya nyuki kidogo ili isiwe maji maji ikipata jua. Ikipoa unapaka kwa kidole, siyo kwa kitambaa, maana joto la kidole ndilo linaloisukuma ndani. Unahangaika na mshono zaidi kuliko pengine popote, kwa kuwa maji yanaingilia pale. Kisha unaacha usiku mzima, asubuhi unafuta yaliyobaki.

Rangi nayo ilikuwa kisa. Miaka ya magendo, mwisho wa sabini kuingia themanini, sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, nani atakuuzia kiwi? Tulikwangua masizi chini ya sufuria, tukachanganya na mafuta hayo hayo. Kiatu kinang'aa, ila mvua ikinyesha soksi zinakuwa nyeusi hadi gotini. Na pea moja ilikuwa ya watu wawili. Mwenzangu alicheza kipindi cha kwanza, mimi cha pili, tunabadilishana kiatu bado cha moto. Mguu wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, nilijaza majani makavu ya mgomba mbele.

Mtoto wa Mbarara

Mzee wa Bombo umenikumbusha balaa langu. Kwetu shahamu ya kondoo hatukuwa nayo, ila samli ya ng'ombe ilikuwepo kwenye kibuyu. Nikasema mafuta ni mafuta. Nikapaka viatu vya kaka kwa ukarimu mkubwa usiku wa kuamkia fainali ya shule, nikaviweka chini ya kitanda.

Panya walikula ulimi wote wa kiatu cha kulia na nusu ya kisigino. Kaka alicheza fainali na kiatu kisicho na ulimi, kamba zinamkata mguu, na tangu siku hiyo ananiita Samli. Ana wajukuu sasa. Bado ananiita Samli.

Winga Mstaafu, Nsambya

Samli, karibu sana jamvini 😂

Fundi wa Chini ya Mti

Niko Kampala, karibu na Owino, nashona viatu mwaka wa ishirini sasa. Nianze na swali lako la kujifariji: ufa hauponi, bwana. Ngozi ni kitu kilichokufa, haina damu ya kuotesha nyama. Unaweza kuulainisha usiendelee, unaweza kuutia kiraka kwa ndani, lakini kuufunga urudi kama ulivyokuwa, atakayekuahidi hivyo anataka hela yako.

Sababu ya sigiri kuua kiatu ni hii. Ngozi kavu inavumilia joto kiasi. Ngozi iliyolowa haivumilii, nyuzi zake zinajikunja na kushikana kama nyama inavyosinyaa kwenye kikaango. Na ile ngozi ya kangaruu ya Copa ni nyembamba kuliko ya ng'ombe. Ni imara mno kwa wembamba wake, ndiyo maana wachezaji wanaipenda, lakini ukiipika inapikika upesi. Juu ya mabati saa saba mchana ni sigiri nyingine hiyo, msidanganyike.

Kiatu kikilowa, toa kamba, toa soksi ya ndani, ile ya kukanyagia, vuta ulimi nje kabisa. Tope letu hili jekundu usilipanguse likiwa bichi kwa kitambaa kikavu, unalisukuma kwenye vinyweleo vya ngozi, nalo lina mchanga unaokwangua. Osha kwa kitambaa chenye maji kidogo, bila sabuni ya kufulia. Jaza magazeti, baada ya saa mbili yatoe, yamelowa, weka mengine. Kivulini, penye upepo. Siku mbili. Watu wanashindwa hizo siku mbili tu, hakuna kingine.

Mafuta yanakuja baadaye, kiatu kikiwa kinakaribia kukauka, na hapa afande wa Bombo anisamehe, sikubaliani naye. Kupaka kila wiki na kuacha usiku mzima kulifaa ngozi nene ya ng'ombe ya wakati wake. Ukiifanyia hivyo ngozi nyembamba ya leo inalegea, kiatu kinakuwa kama soksi, mguu unateleza ndani ukikata kona. Kidogo, mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, inatosha. Kiwi nayo ni nta na rangi, inapendezesha na kuzuia maji kiasi, lakini hailishi ngozi. Nimeona viatu vinang'aa juu na ndani vimekauka kama mkate wa juzi.

Ukiona madoa meupe baada ya kukauka, si uchafu, ni chumvi ya jasho. Maji na siki kidogo, futa, basi.

Winga, niletee hicho cha kushoto. Natoa soksi ya ndani, naweka kipande cha ngozi laini nyuma ya ufa, gundi, kisha mshono mmoja pembeni kwa uzi wa nailoni. Msimu mmoja kitacheza. Cha kulia kilichojikunja pua, kipake mafuta, kijaze vitambaa kwa nguvu hadi kinyooke, ukiache wiki. Usikilazimishe kwa mkono, kitakupasukia.

Namba Sita, Gulu

Huku kwetu ni moyao, mafuta ya shea. Bibi alipaka ngozi yake na sisi viatu, kopo moja. Kwetu panya hawajawahi kuyagusa, Samli chukua hilo. Yanaganda asubuhi ya baridi, unayayeyusha kiganjani.

Ila nina aibu yangu ya kuungama. Baba alinifundisha kwamba kiatu kipya cha ngozi unakivaa, unasimama kwenye beseni la maji ya uvuguvugu robo saa, kisha unatembea nacho hadi kikauke mguuni. Ngozi inashika umbo la mguu wako na wewe tu. Kwake ilifanya kazi, viatu vyake vilishonwa soli kwa uzi. Mimi mwaka juzi nikanunua pea nzuri, nikasimama kwenye beseni kama kuku wa mvua, watoto wa jirani wanachungulia. Nikatembea uani. Hatua ya arobaini hivi nasikia *pwaa, pwaa*. Soli ya kulia imefunguka mdomo hadi katikati. Za siku hizi zimeshikwa kwa gundi.

Fundi wa Chini ya Mti

Hapo sasa. Na yule rafiki wa mtoto wa Winga anayeweka plastiki kwenye sigiri "na havifanyi kitu", mwambieni vinafanya. Gundi inalainika polepole. Atakuja kwangu mwezi wa kumi na mdomo wazi kama hivyo, analalamika kauziwa feki.

Dada wa Vifaa

Ninyi mnaongea pea moja moja. Mimi natunza vifaa vya timu ya wasichana, pea 22, stoo isiyo na dirisha. Hayo magazeti ya kubadilisha kila saa mbili nani ananipa? Naomba Bukedde za wiki iliyopita kwa muuza chapati, nakata nusu kwa nusu. Wino unashika soksi nyeupe, mtoto anavua kiatu ana msimamo wa ligi kwenye kisigino.

Na nimeumia. Muhula uliopita tulinunua pea 12 kwenye duka moja la mjini, risiti imeandikwa ngozi halisi. Wiki ya tano zikaanza kubambuka mbele kama ganda la ndizi mbivu, chini yake kitambaa cheupe. Kurudisha, tukaambiwa tumezitumia vibaya. Kwani viatu vya mpira vinatumiwaje vizuri, kwa kuviangalia? Fundi, tunajuaje ngozi?

Fundi wa Chini ya Mti

Dada, tafuta ukingo ambao haukukunjwa, kwa ndani karibu na matundu ya kamba. Ngozi ina manyoya manyoya upande wa nyuma, bandia ina wavu wa kitambaa. Halafu bonyeza kwa kidole gumba. Ngozi inatoa mikunjo midogo isiyofanana, bandia inazama shimo moja kisha inarudi. Harufu siku hizi wanapulizia, usiiamini.

Kipa wa Njeru

Nitawaudhi wazee wangu lakini ngozi inaondoka yenyewe. Mwaka 2023 Puma na Nike walitangaza kuachana na kangaruu, na mwaka huo huo Tiempo ya kumi ya Nike ikatoka bila ngozi ya asili kabisa. Sisi tunaofanya mazoezi kwenye nyasi bandia, hapa Njeru au Lugogo, tatizo letu si tope tena. Ni zile punje nyeusi za mpira. Zinaingia kwenye mshono, zinaingia kwenye soksi, nikifika nyumbani namwaga kiganja kizima. Nyasi zenyewe saa nane mchana zinaunguza hadi nyayo. Kiatu changu nakipangusa kwa kitambaa chenye maji, nimemaliza, naenda kulala.

Mzee wa Bombo

Kijana, na kinadumu muda gani?

Kipa wa Njeru

Miezi sita, mzee. Saba nikibahatika.

Mzee wa Bombo

Zile zenye misumari nilizivaa miaka minne, na kabla yangu kaka alizivaa mitatu. Sisemi zilikuwa nzuri. Ziliniua vidole.

Dada wa Vifaa

Miezi sita bila kubadilisha magazeti? Mzee nisamehe, mimi niko na kijana.

Winga Mstaafu, Nsambya

Narudi na taarifa. Nimempelekea Fundi cha kushoto, kazi safi, kiraka hukioni mpaka uingize mkono. Cha kulia tumekijaza vitambaa siku nane, pua imeshuka, bado inatazama juu kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Jumamosi kijana alicheza navyo dakika zote, akasema cha kulia kinambana juu ya kidole gumba. Nikamwambia avumilie.

Kuhusu mafuta, nilitengeneza ya Mzee wa Bombo, shahamu ya kondoo na nta, kwenye sufuria ndogo, jikoni. Sitayatengeneza tena. Sigiri imehamishiwa nje kwa amri ya mama mwenye nyumba, na sufuria ile imekuwa mali yangu daima. Namba Sita, moyao kopo moja hadi Kampala unatuma kwa basi gani?