Mtoto kupenda kitu kupita kiasi na OCD: tofauti inaonekana wapi?

MzaziMakini

Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua vizuri afya ya akili ya watoto. Mtoto ana miaka 8, na tangu akiwa na miaka 4 moyo wake uko kwenye treni. Anajua aina za injini, anazichora, anapanga mabehewa kwa mpangilio wake, na akianza kusimulia hana mwisho. Hilo halina tatizo. Ila miezi ya karibuni kuna mambo mawili mapya. Akichora anafuta magurudumu na kuyarudia hadi karatasi inatoboka, kisha analia. Na kabla ya kulala lazima aguse kila behewa lililo rafuni, na akikatizwa anaanza upya. Ndugu wanasema ni mapenzi ya treni tu, mwalimu wake anahisi ni OCD, yaani ugonjwa wa akili wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo ambayo mtu anajihisi lazima ayarudie. Vigezo vya kutofautisha ni vipi hasa? Na je, tuzifiche treni kwa muda?

MshauriWatoto

Msizifiche. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo kosa linalofanyika mara nyingi, na lina hasara mbili: mtoto ananyang'anywa kitu kinachomtuliza, na kama kweli ni OCD, inahamia kwenye kitu kingine. Leo mabehewa, kesho swichi ya taa.

Wengi hupima kwa saa. Mtoto akichora saa 3 mfululizo wanaogopa. Muda peke yake hauonyeshi kitu. Cha kuangalia ni tendo hilo linamfanyia kazi gani. Mtoto mwenye mapenzi makali anavutwa na kitu. Anakingoja kwa hamu, anafurahi akiwa nacho, na akimaliza furaha inabaki. Maarifa yanaongezeka na mchezo unabadilika, leo reli, wiki ijayo madaraja. Mkatize, atakasirika sana, lakini kesho ataendelea pale alipoachia.

Mtoto mwenye OCD anasukumwa. Kwanza linamjia wazo, picha au hisia asiyoitaka, halafu anafanya tendo ili hofu ishuke. Inashuka kidogo, kisha inarudi. Tendo halimfundishi jambo jipya na lina masharti: idadi fulani, mpangilio fulani, na likikosewa linaanza upya kutoka mwanzo. Usoni utaona mkazo, siyo raha.

Kwa maelezo yako, kujua injini na kusimulia ni mapenzi safi. Kugusa kila behewa na kuanza upya kunaelekea OCD. Magurudumu nisingeyahukumu bado. Mtoto anayetaka mchoro ufanane na kitu halisi naye hufuta na kukasirika, ila anaweza kukuonyesha kasoro iko wapi, anapokea msaada, na mchoro ukitoka vizuri anajivunia. Yule anayebanwa na hisia kwamba "haijakaa sawa" mara nyingi hawezi kuitaja kasoro, na gurudumu la tano halitofautiani na la kwanza.

Kuna pia kigezo cha saa moja ambacho wengi hukisikia: DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, inataja mawazo na matendo yanayochukua zaidi ya saa 1 kwa siku, au yanayoleta mateso makubwa au kuvuruga maisha ya kila siku. Saa hiyo ni ya kugusa, kurudia na kuwaza. Muda wa kuchora kwa furaha hauhesabiwi. Na neno "au" lina uzito wake, maana mtoto wa dakika 30 zenye machozi kila usiku naye anastahili kupimwa.

Umri nao uangaliwe. Kati ya miaka 2 na 5 watoto wengi wana taratibu kali: kikombe kilekile, hadithi ileile, mlango uachwe wazi kiasi kilekile. Huwa zinafifia zenyewe. Taratibu mpya zinazoanza na kukua akiwa na miaka 8 ni jambo jingine.

Mwl_ElimuMaalumu

Naongezea upande wa kukusanya taarifa, kwa sababu daktari atakuuliza na kumbukumbu za kichwani hupotosha.

Kwa siku 14 andika kila tukio kwa mstari mmoja: saa, kilichotangulia, alichofanya, dakika, alivyoonekana wakati anafanya, alivyokuwa dakika 5 baadaye, na ninyi mlifanya nini. Hiyo safu ya mwisho wazazi huiruka, na ndiyo yenye siri nyingi. Kama mnamshikia taa agusie mabehewa, au mnajibu "ndiyo, yote umegusa" mara 6, tayari mmeingia ndani ya tendo. Andikeni mtoto asipoona. Akijua anahesabiwa, ataanza kufanya kwa kujificha, au kimoyomoyo.

Kumuuliza, chagueni wakati wa utulivu, mbali na saa ya kulala. Swali la "kwa nini unafanya hivyo?" halisaidii, linasikika kama lawama. Ulizeni: "Ukiacha behewa moja bila kuligusa, nini kinaweza kutokea?" Akisema mama ataugua, au kwamba hisia mbaya haitamtoka mwilini, hiyo ni dalili nzito. Akisema "sijui", msihitimishe lolote. Wapo watoto wasioweza kueleza, na wapo wanaoamini kuwa wakilitamka jambo litatokea kweli.

Swali la pili: "Kungekuwa na kitufe cha kuondoa hamu ya kugusa mabehewa, ungekibonyeza?" Halafu, peke yake: "Na kitufe cha kuondoa kupenda treni?" Mara nyingi mwenye OCD anakitaka cha kwanza na cha pili anakikataa katakata. Majibu hayo mawili yakitofautiana hivyo, mmeshajua mpaka uko wapi.

MzaziMakini

Asanteni sana. Mwalimu aligusia pia usonji. Je, usonji haufanani na haya yote?

MshauriWatoto

Unafanana kwa nje. Mtoto mwenye usonji anaweza kuwa na shauku nzito ya jambo moja, taratibu zisizobadilika, na mienendo ya kurudiarudia kama kupunga mikono. Mara nyingi vitu hivyo vinampa raha au vinamtuliza.

Mwangalie wakati utaratibu unakwenda sawa. Katika usonji, mambo yakienda kama alivyozoea huwa ametulia, na dhiki huja yakivurugwa. Katika OCD dhiki ipo hata anapofanya bila kukatizwa, kwa sababu hana hakika kama amefanya vizuri. Kigezo hiki kina mipaka, maana hali zote mbili zinaweza kuwa kwa mtoto mmoja. Dalili za usonji huanza utotoni kabisa na hugusa pia mawasiliano na mahusiano. Kama hayo hayapo, shauku ya treni peke yake si usonji.

Muuguzi_AfyaYaAkili

Jambo moja la haraka. Kama matendo haya yangezuka ghafla, ndani ya siku moja au mbili, pamoja na kukataa kula, kukojoa mara kwa mara, mwandiko kuharibika au hasira zisizo za kawaida, mtoto angepelekwa kwa daktari mara moja, na daktari aelezwe kama kulikuwa na maumivu ya koo au homa karibuni. Daktari ataangalia uwezekano wa maambukizi ya streptokoki, bakteria wanaoweza kuleta maumivu ya koo. Kwa yaliyokuja polepole kama haya, fuateni utaratibu wa kawaida.

Mkifika kliniki, huenda wakatumia CY-BOCS, kipimo cha maswali kinachoonyesha ukali wa OCD kwa watoto. Kina vipengele 10 vya ukali, kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 40. Kuanzia 16 kwa kawaida huhesabiwa kuwa tatizo la kutibiwa, ingawa namba hiyo haisimami bila mazungumzo na mtoto.

Tiba inayotangulia ni ya kukabili hofu bila kufanya tendo. Mtoto na mtaalamu wanapanga ngazi kuanzia 0 hadi 10. Kuacha behewa moja la nyuma kabisa labda ni 3, kulala bila kugusa hata moja ni 9. Wanaanza chini. Anaacha lile moja, anakaa na ile hisia, na anajifunza kwamba inavumilika na lililoogopwa halikutokea. Panapoharibika ni mtoto kubadilisha tendo, mfano haligusi lakini analikodolea macho au analihesabu kichwani. Mtaalamu mzuri huuliza hilo kila mara. Hali ikiwa nzito daktari huongeza dawa, na hilo ni la kuamua yeye akimfuatilia mtoto kwa karibu.

Nyumbani msikatishe kumhakikishia ghafla, kwa siku moja tu. Mwambieni mapema, kisha punguzeni: wiki hii jibu 1 tu kwa usiku, baadaye mseme, "Naona OCD inauliza tena, najua ni ngumu, na najua utaweza." Kisha nyamazeni, hata akilia. Kumfokea hakusaidii. Kujibu "basi mara ya mwisho" ndiko kunakolisha tatizo zaidi ya yote, maana anajifunza kwamba akisisitiza sana atajibiwa.

Na mchana acheni treni ziendelee kama kawaida. Msizitumie kama zawadi ya kutogusa wala adhabu ya kugusa.