Mdogo wangu kaandika hadithi, nimejikuta ndani yake. Naombeni ushauri

Nimekwama31
Habari zenu jamani. Huu uzi nimeuandika nikafuta mara mbili kwaiyo nikichanganya mambo mnivumilie.

Mimi na mdogo wangu wa kike tumepishana miaka 7. Mama kazi zake zilikuwa za kusafiri kila mara so mimi ndo nilimlea, nimemsuka, nimemfundisha kusoma, hata siku anavunja ungo alikuja kwangu analia akidhani anakufa. Sasa hivi anaandika hadithi fupi na mimi ndo msomaji wake wa kwanza miaka yote, kabla hata hajamuonyesha mhariri.

Wiki tano zilizopita kanitumia faili. Ujumbe: "Dada soma ukipata nafasi." Basi. Yeye ni mtu wa emoji kumi na voisi noti ndefu ndefu kwaiyo hapo tu ningeshtuka ila sikushtuka.

Hadithi inahusu mwanamke aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika na usiku mmoja mimba inamharibikia chumbani, anauma mto ili nyumba nzima isisikie, asubuhi anasema tumbo limemchafuka tu. Huyo mwanamke ni mimi. Ni miaka 9 sasa. Sijawahi kumwambia mtu, si mama, si mume wangu wa sasa. Majina kabadilisha, mji kabadilisha, lakini mto uko pale pale, hadi rangi ya foronya kaipatia. Na anayesimulia ni mdogo wa huyo mwanamke, amesimama nje ya mlango usiku kucha na haingii.

Yani alikuwa anajua. Miaka 9 anajua, tunacheka wote, tunagombana wote, ananisuka mimi siku hizi, na anajua.

Sijamjibu mpaka leo. Anapiga sipokei. Hadithi inaingia kwenye kitabu, bado haijaenda kiwandani. Nimwambie aitoe au ninyamaze? Naombeni ushauri wa kweli sio matusi.

Shangazi_Mkali
Pole mwanangu. Aitoe. Siri ya mtu sio shamba la bibi kila mwenye jembe akalime. Angekuuliza kwanza.

Jembe_la_Mtaa
Ndo maana wanasema adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake 😂

Shangazi_Mkali
@Jembe_la_Mtaa huo msemo umechoka kaka, kaupumzishe. Huyu kamlea mdogo wake toka mtoto, adui katokea wapi hapo?

MlaVitabu
Dada pole sana. Mm nimekumbuka wale dada watatu wa Uingereza, Charlotte, Emily na Anne Brontë. Mwaka 1845 Charlotte alikuta daftari la mashairi ya Emily akalisoma bila ruhusa, Emily akawaka kwelikweli maana alikuwa mtu wa siri na yale mashairi hakumuandikia mtu, ilibidi abembelezwe weee, lakini kutoka kwenye ule ugomvi ndo wakatoa kitabu cha pamoja 1846 kwa majina ya uongo yasiyoonyesha kama ni wanawake. Kiliuza nakala 2 tu mwanzoni lol, ila mwaka uliofuata ndo wakatoa riwaya ambazo dunia inazisoma mpaka leo.

Sasa sikiliza na upande wa pili. Anne aliandika The Tenant of Wildfell Hall, ikatoka 1848, ndani kuna mume mlevi anayeoza taratibu, na wasomaji wengi wanaona kamchota kwa kaka yao Branwell ambaye pombe na kasumba zilimharibu, akafariki mwaka huo huo. Anne akafariki 1849. Mwaka 1850 likaja suala la kuchapisha upya kazi za wadogo zake na Charlotte akakikataa hicho kitabu, akasema kile kisa Anne alikosea kukichagua. Dada alimpenda mdogo wake hadi kaburini halafu akamfungia kitabu chake kabatini. Leo wapo wengi wanaosema ndo kazi ya Anne yenye ujasiri kuliko zote. Kwaiyo kabla hujasema "itoe" fikiria utakuwa unafunika nini.

BintiWaPili
@MlaVitabu umeongea vizuri ila sikubaliani. Branwell alikuwa anajulikana kwao wote kwamba anakunywa, hiyo haikuwa siri ya mtu mmoja aliyeuma mto. Huwezi kulinganisha.

Mfano unaofaa ni Mariama Bâ, mwandishi wa Senegal, kile kitabu chake cha 1979 ambacho Kiswahili kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye kafiwa na mume, anamwandikia rafiki yake Aissatou, na ukisoma vizuri utaona sehemu kubwa anamsimulia Aissatou maisha ya Aissatou mwenyewe, ndoa yake ilivyovunjika, mpaka ile barua aliyomwachia mume wake anainakili tena humo. Nilipokisoma shule nilijiuliza sasa huyu anamwambia mwenzie mambo anayoyajua ya nini? Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Anamwambia niliona. Nilikuwepo. Lakini angalia anamwambia NANI. Anamwambia mwenyewe, kwenye barua. Hakuanza na watu baki. Mdogo wako alitakiwa aanzie hapo.

Nimekwama31
@BintiWaPili umenigusa. Ila kusema ukweli kanitumia mimi kwanza. Mhariri hajaiona, nimeuliza pembeni nikathibitisha. Sijui kwa nini hilo sikuliandika kule juu.

BintiWaPili
Aaah. Basi mambo yamebadilika dada. Hiyo NI barua.

Jembe_la_Mtaa
Samahani kwa utani wangu wa mwanzo. Swali la kawaida tu, mume wako atajua ni wewe?

Nimekwama31
Anasoma kazi zake zote. Akifika kwenye foronya atajua maana ile foronya ninayo mpaka leo, usiniulize kwa nini.

Nesi_Mstaafu
Mama naomba niseme la kwangu kwa sababu nimekaa wodini miaka mingi. Mimba zinazoharibika miezi ya mwanzo, karibu nusu ni kwa sababu chembe za urithi hazikujipanga vizuri tangu mwanzo, mama anakuwa hana alichofanya wala alichoacha kufanya. Nakuambia hivi kwa sababu wanawake wanaoficha miaka 9 kwa kawaida wanaficha wakidhani ni kosa lao. Kama nimekosea nisamehe.

La pili, mume mwambie wewe kwa mdomo wako. Kitabu kiwepo kisiwepo. Usisubiri akusome.

Nimekwama31
Hujakosea.

Kalamu_Butu
Mimi naandika pia (sijulikani, msihangaike kutafuta). Dada nimesoma uzi wako mara tatu kuna kitu naona wote tunakipita. Umesema anayesimulia ni yule mdogo, kasimama nje, haingii. Mwandishi angetaka kuuza machungu yako angemuweka msomaji ndani ya chumba, kwenye damu, huko ndo kuna vilio. Yeye kabaki koridoni. Hiyo hadithi mhusika wake mkuu sio wewe. Ni mtoto wa miaka 15 aliyemsikia mtu aliyemlea akiumia na miguu ikamgomea. Wewe umesoma "kanianika". Yeye nadhani kaandika "nilishindwa kuingia", na hajui aseme vipi uso kwa uso, na sasa ni wiki ya tano hupokei simu, yani uko nyuma ya mlango tena.

Sikuambii umruhusu. Mwambie abadilishe foronya, abadilishe hata mto, hiyo ni haki yako na mwandishi mzuri hadithi haimfii kwa foronya. Ila usimjibu kuhusu kitabu kabla hujamjibu kuhusu mlango.

Shangazi_Mkali
@Kalamu_Butu haya, umenifunga mdomo. Nabaki na msimamo wangu kwamba angeuliza kwanza lakini umenifunga.

MlaVitabu
Kalamu butu jina tu 🙌

Nimekwama31
Jamani nimerudi, siku nne zimepita.

Nimeisoma tena. Mara ya kwanza niliishia katikati, sikuwaambia, niliishia kwenye mto nikaitupa simu. Mbele kuna kipande ambapo yule mdogo alfajiri anakunja shuka safi analiweka chini mlangoni kisha anarudi kitandani anajifanya kalala. Ile asubuhi nilikuta shuka mlangoni. Miaka yote nilijua ni mama.

Mume nimemwambia juzi usiku. Hakusema mengi, kaniuliza tu kama niliumwa sana. Nesi asante.

Jana nikampigia mdogo wangu. Tumeongea dakika 40, hadithi hatujaigusa hata neno moja, tumeongelea nywele, bosi wake, sinema mbovu aliyoangalia. Nilipotaka kukata kanyamaza kidogo halafu akauliza, "Dada, lile shuka la bluu unalo bado?" Nikamwambia ninalo.

Jumamosi anakuja kulala kwangu.