WRX STI: kipoza oili cha kiwandani kibaki, king'olewe, au nifunge cha hewa?

boksa_wa_kijiweni
Wadau, naomba mlinganisho kutoka kwa wanaoijua kazi hii. Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya 2006 iliyotoka Japani, injini EJ207. Siku za kazi liko kwenye foleni za Nairobi. Wikiendi chache linaingia uwanjani kupima muda, mizunguko ya kama dakika 15 mfululizo. Injini inashushwa mwezi ujao kwa ajili ya klachi, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kuamua.

Naona njia tatu. Ya kwanza, kibaki kile cha kiwandani, kidude cha duara kilichobanwa kati ya bloku na filta ya oili, chenye mipira miwili ya maji. Ya pili, kukitoa na kufunga filta moja kwa moja kwenye bloku. Ya tatu, kipoza cha hewa chenye safu 19 nyuma ya bampa ya mbele. Ipi inalipa?

Spana14
Mkuu, wengi wanakiita kipoza wakasahau nusu ya kazi yake. Ndani yake maji ya rejeta na oili vinapita bega kwa bega, vimetenganishwa na kuta nyembamba za chuma. Asubuhi ya Julai hapo Nairobi maji yanapata moto kabla ya oili, kwa hiyo dakika za mwanzo kidude hicho *kinapasha* oili. Oili ikishayapita maji kwa joto, kazi inageuka na joto linahamia kwenye maji. Ndiyo maana kwenye mwendo wa kawaida oili inatulia kati ya nyuzi 90 na 105, uwe Limuru au Mombasa.

Usidharau hiyo kazi ya kupasha. Oili isiyofika nyuzi 80 haiwezi kutoa unyevu na petroli inayopenya kwenye ringi za pistoni. Gari la safari fupi za mjini linaliwa hapo, kimyakimya.

Udhaifu wake ni kwamba hakiwezi kuishusha oili chini ya joto la maji, na joto lote kinalolitoa kinamtwisha rejeta. Rejeta iliyozeeka, mapezi yamejaa vumbi na wadudu, ikishindwa, oili nayo inapanda. Watu wengi wanaonunua kipoza cha hewa walikuwa wanahitaji rejeta mpya.

mwepesi_sti
Kwa gari la barabarani napendelea ya pili. Kila mpira na kila oringi (pete ya mpira ya kuziba) ni mahali pa kuvuja. Oringi ya kile kidude ikikauka, oili inadondokea ekzosi iliyo pembeni yake, unasikia harufu ya kuungua kila ukisimama kwenye taa. EJ20 nyingi zisizo na turbo zinaishi miaka bila hicho kitu.

Spana14
Zinaishi kwa sababu hazina turbo. Kwako oili hiyohiyo inapita kwenye beringi ya turbo, na hapo inakutana na joto kali kuliko mahali pengine popote kwenye injini. Ukitoa kipoza, oili inachelewa kupata moto asubuhi na haina pa kukimbilia jioni ukipanda mlima.

Kuvuja kunatibika. Injini ikiwa chini, kazi yenyewe ni fupi: mwaga oili na maji, toa filta, vua mipira miwili, fungua bolti ya katikati yenye tundu (ndiyo inayobeba filta, uzi wake M20x1.5), kidude kinatoka mkononi. Oringi ya zamani utaikuta imekuwa bapa na ngumu kama plastiki. Ya mpya ni laini, inabonyea chini ya kucha. Safisha uso wa bloku kwa kitambaa, usitumie msasa. Paka oringi oili, rudisha, kaza kwa spana ya kipimo, usikisie kwa mkono. Na usiongeze silikoni. Ikimeguka inasafiri na oili hadi kwenye matundu madogo. Badilisha mipira yote miwili ya maji wakati huohuo, kwa sababu injini ikisharudi juu hufikii pale bila kulalamika.

Ukirudisha maji, toa hewa vizuri. EJ inapenda kuficha hewa. Jaza polepole, fungua skrubu ya hewa juu ya rejeta, hita iwe kwenye joto la mwisho, na subiri feni ziwake mara mbili kabla ya kufunga.

Kitonga4x4
Njia ya tatu ni nzuri ikifungwa sawasawa, na nyingi hazifungwi sawasawa. Sahani ya kati, ile inayobanwa chini ya filta na kupeleka oili kwenye kipoza, lazima iwe na thamostati inayofungua kwenye nyuzi 80 hivi. Isiyo na thamostati inapoza muda wote, na asubuhi unaendesha na oili nzito hadi ufike kazini.

Mipira iwe ya ukubwa wa AN-10 (namba ya kipimo cha mipira, si milimita 10). Myembamba inakula presha. Ipitishe mbali na ekzosi, na kila inapogusa chuma ivalishe mpira wa kinga. Mpira wenye suka ya chuma unakata kama tupa, na kama hautakata bodi basi utakatwa wenyewe. Kipoza kikae kwenye vibanio vya mpira, midomo ikitazama juu ili hewa itoke na oili isirudi ukizima. Usikiweke mbele kabisa ya rejeta ukifikiri umefaidika, utakuwa unaipulizia rejeta hewa ya moto. Pembeni mwa bampa ni bora, lakini hewa iwe na njia ya kuingia *na* ya kutokea. Tundu la kuingilia peke yake halifanyi kazi.

Mfumo utameza oili zaidi, kama nusu lita hadi lita moja. Kabla ya kuwasha, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Kisha pima oili kwa kijiti mara ya pili baada ya gari kupata moto kabisa: thamostati ikiwa bado imefungwa, kipoza bado ni kitupu na kijiti kinakudanganya.

Evo_wa_Eldoret
Nyongeza kutoka upande wa pili. Lancer Evolution inatoka kiwandani na kipoza cha hewa pembeni mwa bampa, na thamostati yake iko kwenye nyumba ya filta. Ni mpango mzuri sana, ila unategemea hewa, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,700 uzito wa hewa umepungua kama asilimia 16 ukilinganisha na Mombasa, kwa hiyo kipoza kilekile kinatoa joto dogo zaidi. Matope yakikauka kwenye mapezi unapoteza zaidi. Oshea maji ya presha ndogo, kutoka nyuma kwenda mbele, na weka wavu wa chuma dhidi ya mawe.

Ukitaka kuona thamani ya kipoza cha kiwandani, tazama Nissan 370Z za mwanzo, za 2009. Zilitoka bila kipoza oili, na uwanjani kompyuta ilikuwa inakata nguvu oili ikipanda sana ili kulinda injini.

dada_krenki
Hakuna aliyetaja jambo kubwa kuliko yote. Injini ikishanoki (ikigonga ndani), beringi ya konrodi ikaachia chuma, kipoza cha kiwandani hakisafishiki. Vipande vinajificha kati ya kuta zile nyembamba, unamwaga petroli na kupuliza hewa, kinatoka safi, halafu injini mpya ikipata moto vinaachia. Injini iliyojengwa upya kwa pesa nyingi inakufa tena kwa ajili ya spea ndogo. Kwa hiyo usichukue kipoza cha mtumba ambacho hujui kimetoka kwenye injini gani. Hiyo inahusu vipoza vya hewa pia.

Na ukikuta oili kwenye tangi la maji, usikimbilie gasketi ya hedi. Injini ikiwaka presha ya oili inazidi ya maji, kwa hiyo kipoza kilichotoboka ndani kinasukuma oili kwenye maji kwanza. Ukizima, maji bado yana presha, yanarudi kwenye oili na kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya hedi mara nyingi inaleta mapovu ya gesi kwenye tangi. Vua kipoza, ziba upande mmoja wa maji, zamisha kwenye ndoo na upulize hewa ya presha ndogo. Utaona.

boksa_wa_kijiweni
Ahsanteni sana. Swali la mwisho: geji ya joto la oili niweke wapi, na ikisoma ngapi ndipo nifunge cha hewa juu ya hiki?

Kitonga4x4
Sensa iwe kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), au upande wa oili inayokwenda kwenye kipoza. Ukiiweka kwenye mpira unaorudi, inasoma oili iliyokwisha kupoa na unajipa moyo bure.

Rejeta mpya, kipoza kipya cha kiwandani na oringi yake, oili nzuri ya 5W-40. Kwenye nyuzi 150 daraja la 40 linatakiwa libaki na unato (uzito wa oili) wa angalau 3.5 mPa·s, la 30 linaruhusiwa 2.9, na huo ndio utando unaoishikilia beringi. Kisha nenda uwanjani uangalie. Ikibaki chini ya 120 mwisho wa dakika zako 15, usiguse kitu. Ikigusa 125 mara moja moja, punguza mizunguko na uendeshe raundi ya kupoza. Ikipita 130 na kuendelea kupanda, funga cha hewa na kile cha kiwandani ukiache palepale.

Spana14
Ukivifunga vyote viwili, filta inashuka karibu na ardhi kwa unene wa ile sahani. Weka bamba la kinga chini kabla hujaingia barabara ya vumbi.