Mume wangu Mpolandi ana daftari la maneno 1,400 ya Kiingereza na hayamtoki mdomoni. Naomba ushauri

MamaZosia

Wadau habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mimi mzaliwa wa Tanga, naishi Poznań, magharibi mwa Poland, huu mwaka wa tisa. Mume wangu ni Mpolandi, mhandisi, miaka 43. Nyumbani tunaongea Kiingereza, Kipolandi kinaingia pale hasira zikipanda, na mtoto namwongelesha Kiswahili.

Kiingereza chake si kibaya, kazini anaongoza vikao nacho. Ila mwezi wa sita anataka kufanya mtihani wa Cambridge wa C2, ule wa juu kabisa. Basi kila siku saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni na daftari lake: kushoto Kiingereza, kulia Kipolandi. Jana nimehesabu, maneno 1,412. Mwulize lolote, anakujibu kabla hujamaliza kulisoma. Tatizo akianza kuongea. Ama anarudia maneno yaleyale ya siku zote, ama anayatumia mapya anageuka hati ya mahakama. Juzi Zosia kamwaga maziwa, baba mtu akasimama katikati ya jiko: "We must ascertain the perpetrator." Yaani, lazima tumbaini mhalifu. Mtoto ana miaka sita. Tuko watatu ndani ya nyumba.

La pili ni maneno yanayofanana katika lugha zote mbili. Alimwandikia bosi wake wa London kwamba kwenye kikao cha Jumatatu "I will eventually attend". Yeye kichwani ana "ewentualnie", ambayo kwao ni "huenda, ikibidi". Bosi kaelewa atakuja ila amechelewa, wakamsubiri. Na mimi yalinikuta. Nilimsifia mama yake kwamba ni "an ordinary woman", yaani mtu wa kawaida, hana makuu. Siku mbili hatukusemeshana. Kumbe "ordynarny" kwao ni mtu mshenzi, mwenye mdomo mchafu.

Sasa wadau, asome vipi? Na mimi nimsaidieje, maana Kiingereza changu ni hiki cha bweni, tulichojifunza kwa kuogopa kiranja?

Kiroboto

Saa kumi na moja alfajiri na baridi hiyo? Dada, huyo hahitaji ushauri, anahitaji maombi.

Mwl_Machame

Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 22, nikujibu kwa Kiswahili chetu kwanza. Mwambie shemeji akuandikie kwenye daftari maana ya "piga". Ataandika neno moja la Kipolandi, atafurahi. Halafu mpe hizi: piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga chafya, piga magoti, piga deki, piga chuku. Nani amepigwa hapo?

Kiingereza nacho ni hivyohivyo. Kosa "you make", picha "you take", sikio "you lend". Mvutaji sigara aliyekubuhu ni "heavy" hata akiwa mwembamba kama ufito. Na maneno ya juu ndiyo yanayochagua zaidi nani wa kukaa naye. Chukua "scathing", yaani kali ya kuchoma: utaliona na "criticism", "attack", "review", na wengine wachache. Hulikuti limekaa na mvua wala na pilipili.

Daftari la shemeji lina maneno kama picha za pasipoti: mmojammoja, ukuta mweupe nyuma, hakuna anayecheka. Aandike neno pamoja na jamaa zake. Asiandike neno ambalo hajaliona kwenye sentensi ya mtu mwingine.

Na mtihani wenyewe unapima hilo. Karatasi ya kusoma na matumizi ya lugha ni dakika 90, maswali 53. Kuna mahali unapewa sentensi na neno moja, uiandike upya kwa maneno 3 hadi 8 bila kuligusa umbo lile neno ulilopewa. Pale safu mbili za daftari hazimsaidii kitu.

Babu_wa_Lodz

Marahaba binti.

Nilifika Łódź mwaka 1984. Wanafunzi wengi kutoka Afrika tulianzia hapo, mwaka mzima wa Kipolandi kabla ya kutawanywa vyuoni. Kwa hiyo lugha ya mumeo niliinywea maji ya baridi kabla wewe hujazaliwa, nikuambie kitu ambacho yeye mwenyewe pengine hakioni.

Maneno marefu ya Kiingereza, yale yanayowatisha Waingereza wenyewe, Mpolandi anayo tayari bure. Kilatini kiliingia Poland kwa kanisa na kwa shule karne nyingi, na mafungu yale yako palepale. Ukiona "-tion" kule, huku ni "-cja": reputacja, konfrontacja, eskalacja, prowokacja. Mwambie apitie daftari na rula, kila neno la namna hiyo apige mstari. Wallahi atapunguza theluthi.

Yanayomshinda ni mafupi. "Put off" (kuahirisha), "put out" (kuzima), "put up with" (kuvumilia). Anayadharau kwa kuwa ni vineno vya watoto, na ndiyo yanayomfanya aongee kama hakimu. Lakini hata hapo lugha yake inamsaidia akitaka. Mwulize "pisać", kuandika. Atakwambia "podpisać" ni kutia saini, "przepisać" ni kunakili, "opisać" ni kueleza kitu kilivyo, "dopisać" ni kuongezea maandishi, "zapisać" ni kuandika usisahau. Kitenzi kimoja, kofia tano. Mwingereza naye ana kofia hizohizo, ila anazivalia mkiani. Mpolandi akishaliona hilo anaacha kulalamika kwamba hayana mantiki. Sitasema yanakuwa rahisi. Yanakuwa na sura.

Halafu kuna haya maneno ndumilakuwili uliyoyataja. Hayo ndiyo ya kuandika kwa wino mwekundu. "Aktualnie" ni sasa hivi, haihusiani na "actually". "Sympatyczny" ni mtu wa kupendeza, si mwenye huruma. "Lunatyk" ni anayetembea usingizini, masikini ya Mungu, si kichaa. "Hazard" ni kamari. "Karawan" ni gari la kubebea maiti, kwa hiyo Mwingereza akimwalika likizo kwenye "caravan" asishtuke. Hayazidi mia yale yanayouma kweli, anaweza kuyamaliza kwa wiki mbili.

Bint_Saidi_Wroclaw

Babu umesahau lile kubwa. Mwaka wangu wa kwanza niliingia dukani kutafuta jemu isiyo na vihifadhi. Nikasema, kwa kujiamini kabisa, "dżem bez prezerwatyw". Foleni nzima nyuma yangu ikanyamaza. Mama wa kaunta akaniangalia, akasema taratibu kwamba jemu zao zote hazina. Nimefika nyumbani nafungua kamusi: "prezerwatywa" ni kondomu. Vihifadhi ni "konserwanty". Miaka saba imepita, lile duka sijarudi.

Kiroboto

Hahaha, angalau walikuhakikishia ubora.

Fundi_Mitambo

MamaZosia, yaani mtu anaishi Poznań na bado anasoma kwa daftari?

SuperMemo ilizaliwa hapohapo. Kijana mmoja, Piotr Woźniak, alikuwa mwanafunzi mjini humo na alikuwa na tatizo la mumeo kabisa: maneno ya Kiingereza, pamoja na masomo ya baiolojia, yalikuwa yanamtoka kichwani. Mwaka 1985 akaanza kujipima kwenye karatasi anasahau kwa kasi gani, 1987 akaandika programu ya kompyuta. Anki, ambayo nusu ya dunia inaitumia leo kwa kadi za kukariri, ilianza kwa kuichukua kanuni yake ile ya 1987.

Inavyofanya kazi: neno ukilikumbuka, linarudi baada ya siku 1, kisha siku 6. Baada ya hapo muda uliopita unazidishwa, kwa kuanzia mara 2.5. Kwa hiyo 6 inakuwa 15, na 15 inakuwa kama 38. Ukilisahau linaanza upya. Ukisitasita, kile kizidisho kinashuka, linakusumbua mara nyingi zaidi. Neno unalolijua halikupotezei asubuhi. Daftari halijui lipi umelisahau, linakusomesha yote 1,412 sawasawa.

Ila nakubaliana na Mwalimu. Akihamisha zile safu mbili kuzipeleka kwenye simu, atakuwa na kasuku wa kidijitali. Kadi iwe sentensi yenye pengo. Kumi kwa siku, basi.

Mpemba_wa_Leeds

Mimi napinga kidogo. Nimefanya kazi ghalani na Wapolandi miaka sita. Aliyekuwa na Kiingereza kizuri kuliko wote hakuwa na kadi wala daftari. Alikuwa mvuvi wa samaki wa mtoni, anasoma magazeti ya uvuvi ya Waingereza toka jalada hadi jalada, na Jumapili anabishana nao kwenye mtaro. Anajua majina ya chambo ambayo mimi sijui hata kwa Kiswahili, na mimi ni Mpemba!

Mtafiti Paul Nation aliandika mwaka 2006 kwamba kusoma maandishi ya kawaida kwa raha, bila kufungua kamusi kila mstari, kunataka familia za maneno (neno pamoja na vitoto vyake) kama 8,000 mpaka 9,000. Sasa 1,412, hata akizikariri zote, ziko wapi kwenye bahari hiyo? Mengi lazima yaingie kwa kusoma. Mumeo anapenda nini? Asome hicho.

MamaZosia

Anapenda baiskeli. Anaweza kuongelea mnyororo nusu saa.

Mpemba_wa_Leeds

Basi umemaliza. Asome baiskeli mpaka ziote miguu.

Mwl_Machame

Sibishani na Mpemba, ila mtihani uko mwezi wa sita, bahari ataiogelea baadaye. Nirudi kwenye "ascertain the perpetrator", maana lilinichekesha hadi nikamsomea mke wangu.

Kila neno lina nguo zake. Sisi tunasema mzee amefariki, nyoka amekufa. Mtu akikwambia kuku wake wawili wamefariki dunia jana usiku, utampa pole au utacheka? Kamusi itakwambia kufa na kufariki ni kitu kimoja. Kwa hiyo pembeni ya kila neno shemeji aandike linaishi wapi: mahakamani, gazetini, ofisini, sebuleni. Wewe hapo ndipo unapomsaidia, dada. Huhitaji kumzidi Kiingereza. Akisema sentensi ukahisi inavaa suti kwenye maziwa yaliyomwagika, mwambie.

Kuhusu "a" na "the" msipigane. Kipolandi hakina, sisi hatuna, mtasahau wote wawili mpaka uzeeni.

MamaZosia

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Rula imepita: amefuta maneno 430. Alinuna siku ya kwanza, alisema nimemfutia miezi minne ya maisha yake. Ya SuperMemo alikuwa anaijua! Kaka yake mkubwa aliitumia shuleni, ikiwa kwenye zile diski bapa za plastiki. Yeye alikataa kwa sababu ni ya kaka yake. Wanaume. Sasa ameweka Anki kimyakimya, kadi kumi, sentensi zenye pengo, nyingi za baiskeli.

Mezani tuna mchezo. Namtajia "piga" moja, yeye ananipa kitenzi kimoja chenye mkia. Nilimpa "piga chuku", akakaa kimya mpaka wali ukapoa, akaja na "lay it on thick". Nikasema hiyo haina kofia moja tu, ina kilemba, lakini nimempa alama.

Jana uji umemwagika tena. Nilimwona anavuta pumzi, nikajua mahakama inakaa. Akasema tu, "Come on, own up." Zosia akanigeukia, "Mama, own up ni nini?" Nikamwambia, kukiri. Baba akamwambia kwa Kipolandi, "przyznać się". Mtoto akakiri.

Baba akachukua kalamu, akaniomba nimtajie tena lile la Kiswahili, herufi kwa herufi.