Chuo kikinyamaza, adhabu impate nani? Kesi ya Penn State

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Nina shemeji anaishi Pittsburgh, huu mwaka wa kumi na tano. Alikuja likizo mwezi uliopita na kofia yake ya Penn State, chuo kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, na usiku mbili mfululizo dada aliondoa sahani mezani sisi bado tunabishana. Nauleta ubishi wenyewe hapa kwa sababu sioni tukiumaliza sisi wawili: wakubwa wa taasisi wakijua mtoto anaharibiwa na wakakaa kimya, adhabu impate nani? Wao wenyewe, timu, au chuo kizima hadi mwanafunzi aliyejiunga juzi?

Kwa asiyeijua kesi. Jerry Sandusky alikuwa kocha msaidizi wa ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi, chini ya Joe Paterno, mtu aliyeheshimiwa kama nabii katika mji wa State College, Pennsylvania. Uwanja wao unaingiza zaidi ya watu 100,000. Chukua Uwanja wa Mkapa uliojaa, ongeza nusu yake, bado viti vinabaki. Mwaka 1977 Sandusky alianzisha shirika la kusaidia watoto wa familia zenye shida. Humo ndimo alimowapata watoto aliokuja kutiwa hatiani kwa kuwaharibu.

Mwaka 1998 mama mmoja aliona mwanawe karudi nyumbani nywele mbichi, akaambiwa ameoga na kocha. Akalalamika, polisi wa chuo wakachunguza, mwendesha mashtaka akaamua hakuna kesi. Mwaka uliofuata Sandusky alistaafu kwa heshima zote na akaendelea kuingia kwenye majengo ya timu kama kawaida. Februari 2001 kocha kijana, Mike McQueary, alimkuta bafuni na mtoto. Kesho yake akaenda nyumbani kwa Paterno. Paterno akamwambia mkurugenzi wa michezo, Tim Curley, habari ikamfikia pia Gary Schultz, makamu wa rais wa chuo aliyekuwa na dhamana ya polisi wa chuo, hadi kwa rais mwenyewe, Graham Spanier. Barua pepe zao zilipofukuliwa miaka mingi baadaye, zilionyesha kwamba mpango wa kwanza ulikuwa kuwaarifu watu wa ustawi wa jamii. Kisha Curley akaghairi, akataka kwanza azungumze na Sandusky. Spanier akaridhia, akaongeza kwamba hatari iliyopo ni kuwa ujumbe usiposikika, wao ndio watakaobanwa kwa kutotoa taarifa. Hatari aliyoiona ni ya kwao. Mtoto hayumo kwenye hesabu, na hakuna aliyehangaika kumtafuta hata ajue anaitwa nani.

Ikapita miaka kumi. Novemba 2011 Sandusky akakamatwa. Siku nne baadaye bodi ya wadhamini ikamwondoa Spanier, na Paterno akafukuzwa kwa simu, usiku. Wanafunzi kwa maelfu wakamwagika barabarani kumlilia kocha, wakapindua gari la kituo cha televisheni. Januari 2012 Paterno akafariki. Juni, Sandusky alipatikana na hatia kwenye mashtaka 45 kati ya 48, akafungwa miaka 30 hadi 60. Yeye hadi leo anakana.

Sasa ndipo penye ubishi. Julai 2012 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliipiga Penn State faini ya dola milioni 60, kikaifungia mechi za baada ya msimu kwa miaka 4, kikapunguza nafasi za wachezaji wa kufadhiliwa, na kikafuta ushindi wote tangu 1998. Paterno peke yake alipoteza ushindi 111. Chama hakikufanya uchunguzi wake chenyewe. Kilitegemea ripoti ya Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliyolipiwa na chuo. Januari 2015, kesi zilipowabana, ushindi wote ukarudishwa.

Mimi nasema kufuta ushindi ni maigizo. Mechi imechezwa, watu wameiona, unafutaje? Kilichobadilisha kitu ni sheria. Pennsylvania ya wakati ule, mfanyakazi wa taasisi akishamwambia mkuu wake, wajibu wake umekwisha. Kwa kipimo hicho waendesha mashtaka walisema Paterno ametimiza matakwa ya sheria. Mwaka 2014 sheria ikageuzwa: ukishuku mtoto anadhulumiwa, unapiga simu serikalini wewe mwenyewe, ndipo umwambie bosi. Kwangu huko ndiko kuwajibika, hayo mengine ni kuwaridhisha wenye hasira.

Shemeji yeye anasema mzee Paterno ametolewa kafara. Haya, karibuni.

Kocha Mstaafu

Mtoa mada, kesi umeieleza vizuri ila hukumu umeikosea. Nimefundisha riadha na netiboli sekondari miaka 22. Hebu jiulize, wale wakubwa walinyamaza kwa ajili ya nani? Sandusky hakuwa hata mwajiriwa wao tena. Walikuwa wanailinda jezi: tiketi, wafadhili, jina la mzee. Sasa kama jezi ndiyo iliyofaidika na ukimya, kwa nini jezi isiguswe? Ukimfunga mtu mmoja na uwanja ukaendelea kujaa Jumamosi ijayo, atakayekalia kiti chake atapiga hesabu ileile.

Halafu msitie chumvi kwamba wachezaji walionewa. Waliruhusiwa kuhamia chuo kingine na kucheza papo hapo. Wengi wakabaki, na msimu huo wa 2012 wakashinda mechi 8 kati ya 12.

Kuhusu sheria yako, ndugu yangu, sisi hapa Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aipeleke serikali ya mtaa. Namba 116 ipo, bure. Nimekaa kwenye ofisi za walimu miaka yote hiyo. Nani alipiga?

Mtoa mada

Mwalimu, shikamoo, umenibana hapo kwenye 116. Lakini kijana aliyeingia mwaka wa kwanza 2012 alikuwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili siku McQueary anaufungua ule mlango. Yeye alinyamazia nini?

Na kama ni kanuni, mbona haikufuata mtu mwingine? Chukua Michigan State. Larry Nassar, daktari wa wanamichezo wa chuo hicho, alilalamikiwa 2014 na mwanamke aliyemaliza masomo hapohapo, kwamba alimdhalilisha kingono akimtibu. Chuo kikachunguza, kikamsafisha, akarudi kutibu. Mwaka 2018 chuo kikakubali kulipa dola milioni 500 kwa mamia ya walioumizwa. Agosti ya mwaka huohuo NCAA ikasema haikuona kanuni yake iliyovunjwa. Sifuri! Yaani Penn State walipigwa rungu kwa sababu hasira zilikuwa za moto wiki ile, basi.

Mzee wa Kijiweni

Waacheni Wamarekani na watoto wao. Simba na Yanga hamjamaliza mnakwenda Pennsylvania.

Binti Tanga

Mzee wangu hapo juu, pumzika kidogo.

Nimewasoma wote mnahesabu mechi. Ushindi 111, mara 8 kati ya 12. Mimi niliyemfikiria sana katika kesi hii ni mfagiaji. Mwaka 2000, kabla ya McQueary, mfanya usafi mmoja alimwona Sandusky na mtoto kwenye mabafu hayohayo. Alitoka anatetemeka, akawasimulia wenzake. Wakashauriana. Wakaogopa kufukuzwa, wakarudi kwenye mafagio yao. Mmoja wao aliwaeleza watu wa Freeh kwamba kumripoti mtu wa pale kungekuwa sawa na kumshtaki rais wa nchi. Sasa kaka mtoa mada, sheria yako ya 2014 mpelekee huyo. Mwambie "piga simu mwenyewe". Kodi ya nyumba atalipa nani?

Na McQueary je? Huyo hakuwa mfagiaji, alikuwa kocha, mtoto wa mji uleule. Naye baada ya mambo kulipuka hakuongezewa mkataba, akashtaki chuo, na 2016 baraza la mahakama likaamua alipwe zaidi ya dola milioni 7. Sawa, alilipwa. Lakini kila mfanyakazi aliyekuwa anatazama alichokiona ni miaka mitano bila kazi.

Mwalimu naye ana lake. Unasema jezi iguswe. Iliguswa, nini kikatokea? Watu wa Pennsylvania wakaanza kuililia jezi! Ubishi ukahama. Badala ya kuulizana nani alijua, ikawa NCAA inatuonea, mrudishieni mzee ushindi wake. Miaka miwili na nusu magazeti yanazungumzia hesabu ya mechi. Mliiguse jezi mkitaka, ila mjue watu huipenda zaidi ikionewa.

Nitawapa mfano wa kelele zilizofanya kazi. Chuo Kikuu cha Maryland, 2018. Mchezaji Jordan McNair, miaka 19, alizidiwa na joto mazoezini mwishoni mwa Mei, akafa Juni. Ikajulikana wachezaji walikuwa wakitukanwa na kudhalilishwa. Oktoba 30 bodi ikaamua kocha mkuu abaki. Siku iliyofuata rais wa chuo akamfukuza, kwa sababu wanafunzi, wanasiasa na baadhi ya wachezaji wenyewe walikuja juu. Siku moja tu. State College wanafunzi walipindua gari kwa ajili ya kocha. Maryland walisimama kwa ajili ya mwenzao aliyekufa. Sidhani wale wa Maryland walikuwa na roho nzuri zaidi. Huyu aliyekufa walikuwa wanakula naye. Watoto wa Sandusky hakuna mwanafunzi aliyewajua kwa sura.

Ndiyo maana ninachokikumbuka zaidi kwa Nassar si zile dola. Ni mahakamani Januari 2018: siku saba, walioumizwa 156 walizungumza wenyewe au kwa maandishi, mbele yake. Na siku hukumu iliposomwa, rais wa chuo akajiuzulu. Sura zilipoonekana ndipo kiti kilipotikisika.

Kocha Mstaafu

Binti, nimekusoma mara mbili. La mfagiaji sina jibu. Ila nikuulize: Curley na Schultz walikiri kosa, wakalala jela miezi michache. Spanier alitiwa hatiani 2017, akakata rufaa weee, akaingia jela 2021 kwa kifungo cha miezi miwili. Miezi miwili! Mwizi wa kuku hapa Morogoro anakaa zaidi. Usipoigusa jezi na wakubwa ukawafunga miezi miwili, umebaki na nini?

Mtoa mada

Na ile milioni 60, mwalimu, usisahau iliamuliwa ibaki Pennsylvania kusaidia watoto waliodhulumiwa. Hiyo hata mimi sina ugomvi nayo. Tofauti yangu na wewe ni ile mechi iliyochezwa kuambiwa haikuchezwa.

Mkimbiaji

Hamjambo. Mimi niko Eldoret. Nimekuwa nikisoma tu, lakini nitasema kidogo.

Nilikimbia chuo kimoja kule Marekani kwa ufadhili, miaka minne. Chuo sitakitaja. Haikuwa mambo ya Sandusky, haikufika huko. Kocha wetu alikuwa anatupima uzito kila asubuhi, anausoma kwa sauti mbele ya timu, wasichana na wavulana. Ukiongeza ratili mbili hupati chakula cha mezani na wengine. Kulikuwa na msichana kutoka huku kwetu, tulifika mwaka mmoja. Alianza kutapika.

Mnazungumzia kuripoti kama ni jambo moja. Ufadhili wangu, karo, kitanda nilicholala, viza, vyote vilipitia sahihi ya mtu mmoja. Na nyumbani mama alikuwa ameshauza ng'ombe kunipa nauli ya kwanza. Yule mfagiaji wa Binti Tanga mimi namwelewa sana.

Mtoa mada

Pole sana, kaka. Nikuulize kwa heshima: ungekuwa na namba ya nje ya chuo, ambayo kocha hawezi kuigusa, ungepiga?

Mkimbiaji

Namba ilikuwepo, ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha mizani. Nilikuwa naisoma kila asubuhi nikingoja zamu yangu. Nilipiga mara moja, mwaka wa nne, nikiwa tayari na tikiti ya kurudi. Aliyeshika simu alikuwa mama mpole tu. Kitu cha kwanza aliniuliza jina. Nikakata.

Kocha Mstaafu

Na yule msichana, mwanangu? Alimaliza?

Mkimbiaji

Alirudi baada ya msimu wa pili. Hakimbii tena, lakini afya imerudi. Anauza maziwa, na ni mkali sana kwa bei.