Naomba ushauri: joka wa bahari katika hadithi ya watoto

Bi_Msimulizi: Ndugu wanajamvi, natunga hadithi ya watoto wa darasa la tatu, na mhusika wake mkuu ni joka wa bahari mwenye majani, yule samaki wa kusini mwa Australia anayefanana na kipande cha mwani. Nimemfanya rafiki wa wazamiaji: huwafuata, hukubali kushikwa, na dhoruba ikivuma hujizungushia mkia kwenye mwani, huku mama akilinda mayai. Mwenzangu aliyesoma rasimu amehoji ukweli wa mambo hayo. Nibadilishe nini, na nibakize nini?

Mzamiaji wa Adelaide: Mleta mada, mkia huo ni wa farasi wa baharini. Wanyama hao ni wa familia moja, lakini mkia wa joka huyu hauwezi kushika kitu, ndiyo maana baada ya dhoruba kali baadhi yao hutupwa ufukweni wakiwa wamekufa. Mayai nayo hubebwa na baba: jike humwekea takriban 250 chini ya mkia, na dume huyabeba kwa wiki kadhaa mpaka yaanguliwe, kisha watoto hujitegemea tangu siku ya kwanza.

Kuhusu urafiki, ninaposimama karibu naye chini ya gati la Rapid Bay hakimbii, na wageni wengi hudhani ametuzoea. Ukweli ni kwamba kinga yake ni kufanana na mwani, kwa hiyo hutulia, wakati mwingine hata saa 68 mahali pamoja. Majani yale hayamsaidii kuogelea. Ukimtazama kwa makini utaona mapezi membamba, angavu kiasi cha kutoonekana, yakipepea shingoni na mgongoni.

Mzee wa Ngano: Mimi naona mnamwonea mwandishi. Sungura wetu wa hadithi huongea na kumlaghai fisi, na hakuna aliyewahi kudai ushahidi. Mwacheni joka awe rafiki.

Mwalimu_Sayansi: Mzee wangu, nakubali aongee, lakini asishikwe. Hakuna mtoto atakayejaribu kujadiliana na sungura, ila atakayemkuta samaki mpole majini anaweza kunyoosha mkono, na joka huyu analindwa kisheria huko kwao, licha ya kuwa ni dhaifu. Badala yake, tumia njaa yake, maana ndipo penye visa: hana meno wala tumbo la kuhifadhia chakula, hivyo hushinda akiwavizia uduvi na kuwafyonza mmoja mmoja kwa mdomo wake mrefu ulio kama mrija. Hapo una mhusika mpole kwa watu na hatari kwa uduvi.

Bi_Msimulizi: Nashukuru sana. Baba atabeba mayai, wazamiaji watamtazama kwa mbali, na dhoruba sasa itakuwa hatari ya kweli kwake. Mchoraji anauliza: mayai yawe na rangi gani, na akae nayo wapi?

Mzamiaji wa Adelaide: Yawe ya waridi iliyokolea, na ayachore yakiwa yamebanwa nje, upande wa chini wa mkia, kila moja katika kishimo chake cha ngozi. Asichore mfuko tumboni. Huo ni wa farasi wa baharini.